Redio Mpya na Kifo Changu cha Saa Kumi

Kabla hamjanunua redio mpya, ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Free Area na picha za mitambo kwenye simu zenu, kaeni kwanza niwaambie vile nilivyokufa. Sikufa sana. Nilikufa kama siku tatu hivi, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, na muda wote huo nilikuwa nakula, nalala, na hata nilienda kusaga unga. Lakini hewani nilikuwa marehemu. Na mambo ya hewani myaheshimu, kwa sababu kule mtu hana sura wala kitambulisho, ana mlio wake tu.

Redio ninayosema si ile ya kusikiliza taarifa na mahubiri. Ni ile ya kuongea. Unasikia na unajibu, na ukiwa na leseni unaweza kuzungumza na mtu yeyote duniani mwenye yake, bila kununua bando. Miaka thelathini na moja nimekula kwa kazi ya redio. Nilianza kwenye karakana ya idara moja ya serikali hapa Nakuru, tukitengeneza redio za magari na za watu wa misitu. Karakana ilipofungwa nikaenda Naivasha kwenye shamba la maua, nikawa mtu wa kufufua redio za mkononi ambazo wasimamizi walikuwa wakiziangusha kwenye ndoo za dawa. Msimamizi anakuja na redio inachuruzika maji, anakwambia imeharibika yenyewe. Unasema ndio boss, unaitoa betri haraka, unaianika kivulini. Kivulini, nimesema, si juani. Juani plastiki inapinda, halafu unalaumiwa wewe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kirui. Yuko hai mpaka leo. Anaishi peke yake juu Mau Narok, ana miaka themanini na tatu, na siku mtakayoenda kumsalimia msiende mikono mitupu. Huyu mzee hakuwahi kumsifu mtu. Ukiitengeneza redio iliyowashinda watu wote, anaiwasha, anaisikiliza, anakuangalia, kisha anasema, "Weka pale." Basi. Ukimuuliza kama umefanya vizuri anakujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikaa chini yake miaka kumi na minne nikingojea kusifiwa, na nilichopata ni "weka pale" nyingi sana.

Lakini alinifundisha. Alinifundisha ukifungua redio ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, mkono mmoja unautia mfukoni. Ndani mle mna stima ya kumwangusha ng'ombe, na ukigusa kwa mikono miwili inapita kifuani inakusalimia moyo. Nilizoea hivyo hadi leo naenda kanisani mkono mmoja mfukoni, na mchungaji alishanihubiria kwa ajili hiyo akidhani ni kiburi.

Alinifundisha pia kupima waya, na hilo nililijua kwa aibu. Tulitumwa Kikopey, pale kwenye mabuchari ya nyama choma barabarani, tuweke kituo cha muda cha kuongea na Naivasha. Antena ilikataa. Kwa kukosa subira nikaufunga waya wangu kwenye lile bomba la chuma la buchari, lile la kuning'iniza mbuzi. Haki ya Mungu, Naivasha iliingia safi hadi nikamsikia mtu wa upande ule akikohoa. Nikapiga ripoti ofisini kwamba kazi imekwisha. Saa sita wateja wa nyama choma wakaanza kuingia. Kila mguu wa mbuzi ulipokatwa, sauti ilishuka. Kufikia saa nane tulikuwa tumebaki na mbavu za upande mmoja na Naivasha ilikuwa inanong'ona. Nikamwendea mwenye buchari nikamsihi asiuze zile mbavu, kwa manufaa ya taifa. Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Mzee Kirui alipofika kukagua alizunguka pale mara moja tu, akatoa kitabu cha ripoti, akaandika, "Mawimbi yameliwa," akanipa nitie sahihi. Kisha akanipimia waya wa urefu unaotakiwa, tukaufunga kwenye mti, na kazi ikaisha kwa robo saa. Waya haujali wewe unapenda nini. Unajali urefu wake. Pimeni mara mbili kabla hamjaanza kulaumu redio.

Sasa, tulipostaafu, watu wa karakana ile tulibaki wanane wenye leseni. Mmoja Naivasha, mmoja Njoro, wengine Molo na Nyahururu. Tunaongea kwa Morse, ile milio mifupi na mirefu, kwa sababu ndiyo tuliyoanza nayo na ndiyo inayofika hata hewa ikiwa mbaya. Kila mmoja ana mwenzake wa saa yake. Wangu ni Mzee Kirui, saa kumi jioni, kila siku ya Mungu. Na kila mtu humfungia mwenzake waya wake, uliopimwa kwa ajili ya masafa yao wawili. Mwenzako akifariki, unanyamaza dakika tano kwenye masafa yenu, wengine wote wakisikiliza. Halafu unasema habari zake. Halafu siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, unapanda mlingoti mwenyewe na kuushusha waya wake. Humtumi mtu. Tumewashushia wawili hivyo, na kila mmoja wetu anajua zamu yake itafika.

Mniwekee hilo moyoni, pamoja na jambo moja zaidi. Masikio ya Mzee Kirui yamekataa sauti za watu. Ukimwongelesha anaona tu mdomo wako unachezacheza. Lakini mlio wa Morse anausikia, hata ule mwembamba wa mbali, na daktari aliyempima alishindwa kuelewa. Kwa hivyo simu kwake haina kazi. Anayo moja, kabambe, ile ndogo ya vitufe, anaiweka ndani ya mkebe wa chai ikiwa imezimwa ili isimalize moto wa betri.

Mimi nilikuwa na redio ya valvu. Nzito, ya kijivu, ukitaka kuihamisha unaita majirani. Ukiiwasha unangoja dakika tano ipate joto, na mke wangu, Mama Shiro, alikuwa akiiita mke mwenzake kwa sababu nilikuwa naiamkia mapema kuliko yeye. Mlio wake ulikuwa mbovu. Ulianza juu kidogo ukateleza chini, kama mtu anayekalia kiti kilichovunjika. Miaka arobaini nimeongea na Mzee Kirui kwa mlio huo. Na miaka arobaini nilikuwa nikimwambia kwamba hizi redio mpya ni za watu wasio na masikio.

Halafu msichana wangu Shiro, ambaye ni nesi huko ng'ambo, akaja likizo na redio mpya. Ukubwa wake ni kama mkate wa nusu. Ina skrini ya kugusa, na kwenye skrini rangi zinashuka chini bila kukoma, unafikiri umesimama mbele ya maporomoko ya Nyahururu. Kila mstari ni mtu anayeongea mahali fulani. Ukigusa mstari, unamsikia. Nilikaa mbele yake siku nzima nikiwagusa Wajapani. Ina hata sauti ya mwanamke ya kukutajia masafa, na hiyo iliniletea shida, kwa sababu Mama Shiro alikuwa jikoni akasikia mwanamke anaongea na mimi kwa Kiingereza laini chumbani. Alikuja na mwiko. Ilibidi niizime hiyo sauti, na nilichukua saa mbili kupata pale inapozimwa.

Jambo lililonimaliza ni kibodi. Unachapa herufi kama barua, na redio yenyewe inazigeuza kuwa Morse, safi, zote za urefu mmoja, hakuna kukosea. Nilijiona nimeokoka. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na hapa mashine inanifanyia. Nikasahau yale niliyosema miaka arobaini, kwa siku moja tu nikageuka. Mama Shiro hakungoja nibadilishe nia tena. Aliita majirani mchana ule ule, mke mwenza akahamishiwa kwenye kibanda cha kuku.

Jumatatu saa kumi nikachapa, "Habari ya jioni, Mwalimu. Ni mimi Gathogo." Ikatoka inameta.

Halafu Mzee Kirui akajibu, "Wewe ni nani?"

Nikachapa ni mimi. Akasema Gathogo hatumi hivyo. Nikamwambia nimepata redio mpya. Akaniambia Gathogo hawezi kugusa redio mpya, amesema mwenyewe ni za watu wasio na masikio, na akaniuliza nimeitoa wapi saa yake ya hewani na herufi zake za leseni. Nikacheka peke yangu pale chumbani, nikamwambia aniulize swali lolote analotaka.

Akaniuliza, "Siku ya kwanza ya kazi nilimwambia Gathogo nini?"

Hilo nalo ni swali? Nikachapa kwa haraka, "Mkono mmoja mfukoni." Akajibu kwamba siku ya kwanza alimwambia Gathogo afagie. Akafunga mtambo wake.

Vijana, mimi sikumbuki kufagia. Mpaka kesho nitawaambia alisema mkono mfukoni. Yeye mpaka kesho atasema fagia. Mkishikwa na swali la namna hiyo, jibuni fagia, kwa sababu kila fundi siku yake ya kwanza aliambiwa afagie.

Jumanne nilikuwa nimekasirika. Badala ya kutulia nikachapa kwamba yeye ni mzee mwenye kichwa kigumu. Akajibu polepole kwamba sasa amejua hakika, maana Gathogo hajamtukana hata siku moja kwa miaka arobaini. Nikaona upumbavu wangu. Nikakimbia nikachukua kibonyezo changu cha zamani cha kugongea Morse, cha shaba, nikakiungia waya hadi kikaingia kwenye redio mpya, nikatuma kwa mkono wangu mwenyewe. Kila mtu ana mwandiko wake wa Morse kama ana mwandiko wa kalamu, na wangu anaujua. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka kwa hasira, na mlio ulikuwa bado unameta. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, si kwangu tena, akiwaambia wale wengine waliokuwa wakisikiliza, "Anajaribu hata kuuiga mkono wake. Anauiga vibaya."

Wa Naivasha akakubali kwamba ninauiga vibaya.

Jioni ile Mzee Kirui alishuka hadi dukani kwa jirani yake, Mama Chela, akamwandikia nambari yangu kwenye karatasi ampigie. Simu yangu ilikuwa imekufa moto, kwa sababu soketi ya pekee chumbani nilikuwa nimeipa redio mpya. Mama Chela akapata yule mwanamke wa mitambo anayesema mteja hapatikani. Akamwandikia mzee kwenye ile karatasi: hapatikani. Mzee akaikunja, akaitia mfukoni kama barua ya msiba, akarudi nyumbani. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Jumatano saa kumi niliwasha nikiwa nimejiandaa kumbembeleza. Nikakuta masafa yamenyamaza. Kimya kile si cha kawaida, kwa sababu rangi kwenye skrini zilinionyesha wenzangu wapo wote, mmoja akagusa kibonyezo kidogo, mwingine akagusa, kama watu wanaokohoa kabla ya ibada. Nikaangalia saa. Dakika moja, mbili. Kufika ya tano ndipo nikatambua kinachoendelea.

Walikuwa wananizika.

Nikatuma, "Niko hai." Mzee Kirui akanijibu, "Mwizi, nyamaza. Tuko kwenye msiba." Wa Molo akaongeza kwamba hata wezi wa siku hizi hawana adabu.

Halafu Mzee Kirui akaanza kusema habari zangu. Alituma polepole, kwa ule mkono wake mzito ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu. Alisema hajawahi kuletewa mtu mgumu kuelewa kama Gathogo. Alisema Kikopey alinikuta nimefunga redio kwenye mbuzi. Nikakasirika, nikataka kuingilia. Ndipo akasema, "Lakini akishajua jambo, amelijua. Miaka kumi na minne nilitia sahihi kazi yake bila kufungua redio hata moja. Za wengine wote nilizifungua. Sikumwambia."

Niliweka kibonyezo chini.

Akaendelea. Akasema ile miaka mibaya, ninyi mnaijua kwa kusimuliwa, barabara ya Njoro ikiwa imefungwa kwa mawe, watu wake walimwambia asimwamini tena mtu wa kabila la Gathogo, na watu wa Gathogo bila shaka walikuwa wakimwambia vivyo hivyo. Na ni kweli waliniambia. Akasema saa kumi ikifika redio yake ililia. Gathogo alituma neno moja tu, "Upo?" Naye alijibu, "Nipo." Hawakusema lingine, kwa sababu hakukuwa na la kusema. Lakini siku zote zile hakukosa.

"Sasa," akasema, "sina wa kuniuliza kama nipo."

Nililia jamani. Mzee mzima wa miaka sitini na tisa, nimevaa sweta ndani nje, machozi yanadondokea redio ya ng'ambo. Na sitawaficha, sikulia kwa huzuni peke yake. Nilikuwa nafurahi. Miaka arobaini na zaidi nimeyangoja maneno hayo, na sasa yanamwagika, na nikaona acha niwe marehemu kidogo zaidi nisikie yaishe.

Alipomaliza, wakaingia kwenye mipango. Wa Nyahururu akauliza nani atakuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Wa Njoro akakumbusha kwamba bado nina chuma chake cha kulehemu, na kwamba si vizuri kikazikwa nami. Wa Naivasha akataka kujua kama jeneza litabebwa na redio yangu ndani, maana alijua uzito wake na ana mgongo. Wakabishana hapo kwa muda mzuri. Mimi natafsiri kwa sauti, nacheka, nalia, na Mama Shiro amesimama mlangoni akinisikiliza.

Akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia nimekufa na ninasifiwa. Akaniambia niendelee. Nikamtafsiria mbele, hadi pale Mzee Kirui aliposema kwamba wao waendelee na kamati, yeye anavaa gambuti, vile viatu vya mpira, anapanda kushusha waya wa Gathogo, na akishuka anaufunga mtambo wake moja kwa moja, hana kazi nao tena. Nikayasema hayo kama nilivyosema mengine, nikageuka kumsikiliza tena wa Naivasha na mgongo wake.

Mama Shiro akasema, "Baba Shiro. Nani huyo anapanda mlingoti?"

Ndipo yakaniingia. Mlingoti ule ni mti wa mkaratusi wa futi arobaini, na hatua zake ni vipande vya mbao alivyopigilia misumari mwenyewe tukiwa bado wafanyakazi. Mvua ilikuwa imenyesha Mau tangu asubuhi. Na mimi nimekaa nafurahia maneno.

Nikatuma asipande. Akajibu mwizi asimpangie msiba. Mtambo wake ukanyamaza. Kwenda kwa barabara ni zaidi ya saa nzima, na matope. Nikachomoa redio, nikachomeka simu, nikampigia Mama Chela, ambaye nambari yake ninayo kwa dharura, nikamwambia tafadhali mathe, kimbia kwa mzee umzuie, mimi ni Gathogo. Akaniuliza Gathogo yupi. Nikasema yule aliyekufa. Akaniambia kwamba matapeli wa simu wa siku hizi mmepita kiasi, hata laini za maiti mnaziiba, akakata. Nilipopiga tena na mimi nikaambiwa mteja hapatikani.

Ilibaki ile redio ya zamani tu.

Nilikimbilia kibanda cha kuku nimebeba kibonyezo na waya wa stima. Mke mwenza alikuwa kule kwenye kona. Na juu yake, kwenye taka za mbao, alikuwa amelala kuku mwekundu wa Mama Shiro akilalia mayai kumi na moja. Nikanyoosha mkono kumwondoa. Mama Shiro alikuwa nyuma yangu.

"Huyo haondoki. Amebakisha siku mbili," akasema. "Fanya kazi yako hapo hapo."

Nikamweleza kwamba juu ya redio pana matundu ya hewa, hayazibwi, ndilo jambo la pili Mzee Kirui alinifundisha. Akasema kuku ameyaziba tangu alipomhamishia hapo na mayai yake juzi, na hajaungua. Huwezi kubishana na mama huyu wakati mtu yuko juu ya mlingoti. Basi nikapiga magoti kwenye mavi ya kuku. Mama Shiro akapanda ngazi akauleta mwisho wa antena kupitia dirishani, nikaunga, nikawasha. Valvu zikaanza kuwaka moja moja, wekundu wa makaa. Dakika tano. Msije mkazifupisha dakika tano za valvu, hata nyumba ikiwaka moto, kwa sababu ukituma kabla ya joto unaua valvu na huna tena nafasi. Nilihesabu kwa sauti. Kuku alikuwa ananiangalia kwa jicho moja, na joto lilipopanda akajitandaza vizuri, amefurahi.

Dakika ya tano nikatuma neno moja.

"Upo?"

Mlio ukaanza juu, ukateleza chini, mbovu vile vile. Hakuna jibu. Masafa yote yalinyamaza, hata kamati. Nikatuma tena, "Upo?" Nikamwona akilini amelala chini ya mti ule na gambuti moja limetoka. Nikatuma mara ya tatu, ya nne. Mama Shiro alikuwa amenishika bega. Ya saba, ya nane. Nilianza kuomba, na mimi si mtu wa kuomba kwa sauti.

Halafu ule mkono mzito ukaja.

"Nipo."

Nikaketi chini kabisa. Baadaye akanieleza kwamba huwa anaiacha spika dirishani wakati anapanda, aisikie hewa. Alikuwa ameshafika nusu, mikono yote miwili kwenye mti, na alipousikia mlio wangu aliudhania wa kumbukumbu tu. Mara ya pili akaudhania shetani. Ya tatu akaanza kushuka, na kushuka kulimchukua muda wote ule kwa sababu hatua zilikuwa na utelezi na hakutaka kuanguka kabla hajanitukana.

Alinitukana vizuri. Aliniuliza nani basi aliyekufa. Nikasema hakuna. Akaniuliza, hakuna aliyekufa na yeye amesema mambo yote yale mbele ya watu? Akasema anayafuta yote. Wa Njoro akauliza kama basi atarudishiwa chuma chake cha kulehemu. Wa Naivasha akasema anamshukuru Mungu kwa ajili ya mgongo wake. Kisha Mzee Kirui akawaamuru wote wafunge mitambo, wakafunga, na akaniuliza kwa mlio wa chini, "Ulisikia yote?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia nilisikia yote, na kwamba nilikaa nikisikiliza wakati yeye anavaa gambuti, kwa sababu nilikuwa nataka kusifiwa. Akafunga mtambo wake.

Redio mpya bado ninayo, na ninaipenda, msinielewe vibaya. Asubuhi naongea nayo na Wabrazili. Nunueni mpya, lakini msitupe kitu cha zamani kabla hamjawaambia wanaowasikiliza. Na vibonyezo ifundisheni mikono yenu wenyewe, msiiachie mashine, kwa sababu siku moja mtahitaji kujulikana na mtu asiyewaona.

Siku ya pili, Alhamisi saa kumi, nilipiga magoti tena kwa yule kuku. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya unga usiku mzima. Nikamwambia Mzee Kirui leo ni zamu yangu, na anyamaze mpaka nimalize. Nikamwambia kila kitu nilichokula na watoto wangu kilitoka kwenye mikono yake. Nikamwambia nikiwa peke yangu na redio iliyonishinda huwa namuuliza yeye, na huwa ananijibu. Nikamwambia kwamba ile miaka mibaya nilikuwa naogopa sana, na nilikuwa naangalia saa tangu saa nane nikingoja ile "Nipo" yake ndipo nile. Nikamwambia baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwamba tangu nilipomjua yeye sikuwahi kuona shida. Ilinichukua karibu nusu saa. Hewa ilikuwa nzuri siku ile, hakuna kelele hata kidogo, masafa yametulia kama maji ya ndoo.

Nilipomaliza, Mzee Kirui akatuma kwamba kulikuwa na kelele nyingi sana upande wake, hakushika hata neno, nirudie tangu mwanzo, na polepole.

Nikarudia.